Uliza Leo Samaki Gani

Mgeni akiulizia chakula cha kienyeji Mji Mkongwe wa Zanzibar, mara nyingi hupandishwa ngazi hadi kwenye paa la hoteli. Huko juu kuna mito ya kuegemea, bahari inaonekana, na orodha ya vyakula ina kurasa sita: kamba kochi, kolekole wa nazi, pilau, piza, tambi za Kitaliano. Chakula chenyewe huenda kikawa kitamu. Lakini jiko la kurasa sita halipiki kwa kufuata soko. Linapika kwa kufuata friza, na hapo ndipo linapoachana na majiko ya watu wa mjini.

Mwenyeji hana haja ya orodha. Anajua saa, anajua hali ya maji, na anajua nani hodari wa kitu gani.

Tuanze na watu, kwa kuwa muuza chakula humfuata mlaji. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, lakini tangu biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980 nyumba zake zilikuwa zimeshaanza kugeuzwa hoteli na maduka ya vinyago. Kila nyumba iliyogeuzwa ilizima jiko la familia, na mkaanga vitumbua wa jirani akapoteza wateja wake wa asubuhi. Leo walaji wengi wako Ng'ambo, upande wa pili wa soko la Darajani: Kikwajuni, Michenzani, Mwembetanga, Mikunguni. Si mbali, kwa miguu unafika bila kutoka jasho, ila wageni wengi hukomea sokoni wakipiga picha mafungu ya viungo. Ndani ya Mji Mkongwe wenyewe, tafuta mitaa ambayo bado nguo zimeanikwa madirishani na watoto wanapita wakienda chuoni kusoma Kurani, kama Malindi, Mkunazini na Sokomuhogo.

Alama ninayoiamini kuliko zote ni bakuli. Asubuhi mapema mtoto hutumwa na bakuli lenye kifuniko kwenda kwa mpika mbaazi au maharage ya nazi, kisha chapati anakwenda kuzinunua kwa mtu mwingine kabisa. "Bibi, mama kasema utie mchuzi mwingi." Bibi hutia. Mpishi wa namna hii hahitaji kibao, maana anahukumiwa kila siku na majirani wanaojua kupika kama yeye, na kesho ni hao hao. Mkahawa wa juu ya paa unahukumiwa mara moja tu, tena na mtu atakayepanda boti kesho asubuhi. Kwa hiyo kifungua kinywa cha Unguja hukusanywa: supu kwa huyu, chapati kwa yule, chai kwa wa tatu. Ikishapita saa tatu, masufuria yameshaoshwa.

Mchana ndio mgumu. Mlo mkubwa wa Mzanzibari, wali na mchuzi wa samaki, huliwa nyumbani baada ya Adhuhuri, na hakuna mkahawa unaoshindana na jiko la mama wa mtu. Wanaokula nje ni wale ambao nyumbani ni mbali: wachukuzi, madereva wa daladala, wauza maduka, vijana waliotoka Bara kutafuta kazi. Wafuate hao. Utawakuta kwenye hoteli ndogo za chakula za karibu na Darajani na bandarini, na Ijumaa hapo hapo utapata pilau au biriani. Siku ukiletewa ugali na dagaa usikunje uso ukidai si chakula cha Kizanzibari. Anayekila ni mkaazi wa mji huu, na hata chipsi mayai za Michenzani zina haki zaidi ya kuitwa chakula cha mji kuliko kamba kochi.

Kabla hujakaa, uliza: leo samaki gani? Jawabu ndilo kipimo, kwa sababu vitoweo vya Unguja huja na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana taa hazina kazi, dagaa wanapungua. Pweza huchokolewa miambani maji yanapokupwa sana, yaani wakati wa bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu. Yakija maji mafu, huwa adimu. Anayekujibu "leo changu, pweza hakuna" amekwenda mnadani asubuhi. Anayekujibu "tuna vyote" ana friza kubwa.

Jioni ni zamu ya urojo, na huu unataka jicho. Msingi wake ni unga wa ngano uliokorogwa kwa maji, ukatiwa manjano, ukachemshwa na embe bichi au ukwaju mpaka ukawa mzito kidogo. Ndani zinaingia mbatata za kuchemsha, bajia, kachori, pengine mishkaki na yai. Juu chatne ya nazi, pilipili na chipsi nyembamba za muhogo. Utazame mkono wa muuzaji mwishoni. Anayejua kazi hutia muhogo baada ya kila kitu, bakuli likiwa tayari linakujia, ili ulie menoni. Uchachu nao utoke ndani ya sufuria. Ndimu ni ya kuongezea, haiwezi kubeba urojo mzima peke yake.

Bustani ya Forodhani haistahili kudharauliwa. Bustani ilikarabatiwa kwa msaada wa Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, na Wazanzibari wenyewe hujaa pale, hasa Sikukuu. Ila tazama wamesongamana wapi: kwenye juisi ya miwa, kwenye urojo, na kwenye mantabali, ile inayouzwa kwa wageni kwa jina la piza ya Zanzibar, ambayo hukunjwa na kukaangwa mbele yako. Meza za mishkaki ya samaki iliyopangwa kama maonyesho hawazisogelei sana. Pweza aliyepashwa moto mara ya pili hutambulika kwa ncha zilizokauka. Na papasi, yule dalali wa wageni, akikushika mkono akupeleke kwenye meza ya rafiki yake, ujira wake umeshatiwa kwenye bei ya mshikaki wako.

Ramadhani saa zote hizi hupinduka. Mchana hakuna kula hadharani, na hoteli ndogo zinafungwa. Kuanzia Alasiri meza hutandazwa Darajani na mitaa ya Ng'ambo: kaimati, sambusa, mikate ya kumimina, muhogo, majimbi. Anayetaka futari ya kununua awahi mapema, kwa sababu ikikaribia Magharibi kila mtu, muuzaji naye, anakimbilia kwao.