Kafi Lisilomshtua Kibisi

Katika Ziwa Bassotu, wilayani Hanang, mvuvi anayeijua kazi utamtambua anapoyakaribia matete. Mwenye pupa hukaza kafi ili apite upesi. Fundi huacha kupiga. Mtumbwi unasogea kwa nguvu ya kafi la mwisho, kafi lenyewe limelazwa nyuma kuongoza, na matone yake yanachuruzika taratibu ubavuni mwa chombo.

Mzee niliyepanda naye asubuhi moja, Mlima Hanang ukiwa umejifunika wingu upande wa mashariki, aliniambia neno moja tu kabla ya kuingia eneo hilo: "Kaa, mwanangu." Nilikuwa nimeinuka kidogo nipate kuona. Kwa ndege, mtu aliyeketi ni sehemu ya mtumbwi. Akisimama amekuwa mtu.

Humo kwenye matete ndimo anamotaga kibisi, ndege mdogo mzamiaji, mviringo, mkia kama hana. Kiota chake ni fungu la majani yaliyolowa, linaelea huku limeshikizwa kwenye mashina ya matete lisichukuliwe na upepo. Mayai hayako juu sana ya maji. Wimbi ambalo wewe uliyeketi hulihisi hata kidogo linaweza kuyalowesha, na wimbi la injini linaweza kuyamwaga. Ndiyo maana mpiga kafi huanza kupunguza mwendo mbali, kwa sababu wimbi likishatoka halirudishwi.

Kinachonistaajabisha zaidi ni namna ndege anavyomsahihisha mwanadamu. Kibisi akiona hatari mapema, huvuta majani kwa mdomo, mara mbili tatu, akayatandaza juu ya mayai, kisha akateleza majini kimya. Apitaye juu haoni yai, anaona takataka za ziwani. Mayai yenyewe hutagwa meupe, lakini majani hayo mabichi huyapaka rangi mpaka yanakuwa ya kahawia. Akishtuliwa ghafla, anajitosa bila kufunika chochote, na mayai yanabaki wazi kwa jua na kwa kunguru.

Basi kiota kinakupa alama. Mayai wazi: umemvamia. Mayai yaliyofunikwa: umempa muda, ila umemsumbua. Ndege bado ameatamia, anakutazama kwa jicho moja: umepita kama apitavyo mstaarabu mbele ya kibaraza cha watu.

Ufundi wa namna hii una ndugu zake kwingine. Katika kinamasi cha Mabamba, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, waendesha mitumbwi husukuma kwa upondo kati ya mafunjo wakimtafuta korongo-nyangumi, ndege mrefu wa kijivu mwenye domo kama kiatu cha mbao. Zamani wavuvi wa huko waliamini kwamba kumwona ni nuksi, siku hiyo hupati samaki. Leo upondo uleule unawapeleka wageni kumtazama, na mwendeshaji hodari ni yule anayejua mahali pa kuukita upondo na kutulia. Ndege huyo huchota maji kwa domo lake kuyapoza mayai wakati wa joto. Ukimfukuza saa sita mchana, hakuna wa kuyamwagia.

Mabamba iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2006. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 2000 na ina maeneo 4 katika orodha, Ziwa Natron likiwa mojawapo. Bassotu halimo, wala Ziwa Tlawi la Mbulu. Hapa kiota kinamtegemea zaidi mtu mwenye kafi mkononi, alfajiri, akiwa na nyavu za kutegua na watoto wa kulisha, na hakuna anayemtazama.

Tulipolipita tete la mwisho nilimwuliza mzee kama amemwona kibisi. Aliinua kidevu kuelekea fungu la majani ambalo mimi nilikuwa nimeliona kama uchafu tu.

"Amefunika," alisema. "Nimemkaribia mno."

Hakuna aliyekuwa amemlaumu. Wakati wa kurudi, ingawa jua lilikuwa limeshakuwa kali na samaki walihitaji kufika ufukweni mapema, alizunguka mbali, akaongeza safari yetu kwa makafi mengi.

Tulipotazama toka huko mbali, kile kichwa kidogo kilikuwa kimerudi juu ya kiota.