Kuliimbisha Gitaa

Katika wimbo wa dansi hufika mahali waimbaji wakamaliza beti zao, ngoma zikakaza, na gitaa moja likapanda juu ya mengine. Wakongo huiita sehemu hiyo sebene; wanamuziki wa Dar es Salaam wamezoea kuiita chemko. Watu waliokuwa wameketi wakifuatilia maneno huacha viti. Aliyewainua si mwimbaji tena, ni mpiga solo, na kazi yake hapo ni nzito kuliko inavyoonekana: aseme jambo kwa nyuzi zisizo na maneno, na wacheza dansi walielewe kwa miguu.

Ni rahisi kusema fulani ana kipaji, ukaishia hapo. Kipaji kipo. Lakini ukiwafuatilia wapiga solo waliotamba Afrika Mashariki na Kongo utawakuta kwanza ni wasikilizaji wakubwa, watu wenye subira ya kurudia kitu kimoja hadi kiingie mkononi. Hisia tunazozisikia kwenye gitaa zao zina mazoezi ndani yake, tena mazoezi ya vitu vidogo mno.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodia muziki, alikutana na kijana Mwenda Jean-Bosco mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, katika eneo la Katanga. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene, likienda kwa mwendo wake bila kuyumba. Kidole cha shahada kilitunga wimbo juu yake, mara nyingine kikiingia kabla ya pigo, mara nyingine baada yake. Anayesikiliza "Masanga", aliyoirekodi mwaka huo, bila kumwona mpigaji hudhani magitaa ni mawili. Mwenda aliimba Kiswahili cha Katanga, na sahani zake za santuri zikasafiri hadi Kenya, ambako vijana walikaa nazo wakizichambua.

Anayetaka kupiga hivyo hana njia ya mkato. Huanza na gumba peke yake. Hulipigisha nyuzi nene polepole, huku akizungumza na mtu au akitazama dirishani, mpaka liende bila kuangaliwa. Hapo ndipo kidole cha shahada huongezwa, noti moja, kisha mbili. Kwa wiki kadhaa kidole kimoja kitakiburuta kingine. Halafu siku moja viwili hivyo huachana, kila kimoja kikashika njia yake, na mwanafunzi hujisikia kama aliyepewa mkono wa tatu.

Gitaa la umeme lilipoingia kwenye bendi, kazi hiyo ya mtu mmoja iligawanywa. Likawepo gitaa la ridhimu, la besi, la solo, na mara nyingi la solo ya pili katikati. Kinshasa ilitoa mabwana wawili ambao kila mpiga solo wa Afrika Mashariki aliwajua. Franco Luambo wa OK Jazz alipenda kupiga nyuzi mbili kwa pamoja: do ikifuatana na mi iliyo juu yake, au mi ikifuatana na do ya juu, zikipanda na kushuka pamoja kama waimbaji wawili wa kwaya. Nicolas Kasanda, aliyejulikana kama Docteur Nico, alikwenda kwa noti moja moja, safi, zilizonyooka, huku kaka yake Dechaud akimwekea msingi kwenye gitaa la pili. Kwa mwanafunzi, Franco ni mwalimu wa kuchezesha watu na Nico ni mwalimu wa kutamka. Vyote viwili vinahitajika, ila asiyejua kutamka hata uchezeshaji wake utachosha haraka, na ndiyo maana inafaa kuanza na Nico.

Mpiga solo hayuko peke yake, na hili husahaulika na wanaojifunzia chumbani. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 jijini Nairobi. Besi ya Tom Malanga inatembea, ridhimu ya Omar Shabani inazunguka mahali pamoja bila kuchoka, na gitaa la solo la John Ngereza linaingia katika nafasi wanazoliachia. Ukiyaondoa hayo mawili, solo ile inabaki vipande vya sauti vyenye mapengo makubwa. Mapengo yale ni sehemu ya utunzi. Ngereza anajua ridhimu itajibu, kwa hiyo anauliza na kunyamaza. Mwanafunzi mwenye haraka huyajaza mapengo hayo noti za kwake, kisha akashangaa kwa nini wimbo umekuwa mdogo. Aanze kwa kujifunza ridhimu ya wimbo mzima. Akiijua, mkono wake utajua pa kukaa kimya.

Upande mwingine wa ufundi huu uko katika noti moja. Mnamo Septemba 1974 Kinshasa ilipokea wanamuziki kutoka Marekani waliopanda jukwaa moja na wenyeji wao, akiwemo Franco na kundi lake. Mmoja wa wageni alikuwa B.B. King, mwana wa Mississippi aliyejulikana kwa kuuvuta uzi na kuutetemesha hadi noti ilie. Mtetemo huo aliupata kwa kuhangaika. Binamu yake Bukka White alipiga gitaa kwa kuteleza bomba juu ya nyuzi. King alishindwa kulitumia bomba, akautafuta mlio ule kwa vidole vitupu. Akapata kitu kilicho chake. Tena hakuwa mtu wa kupiga gitaa huku akiimba: akiimba, gitaa hutulia, akinyamaza, gitaa huendeleza alipoachia.

Kuvuta uzi kuna zoezi lake, na ni vizuri kulieleza kwa sababu wengi hulikosea. Kidole kiwekwe kwanza kwenye noti inayotafutwa, tuseme mi, ipigwe, sikio liikariri. Kisha kidole kirudi freti mbili nyuma, kwenye re, kipige na kuusukuma uzi taratibu mpaka re ifike kwenye ile mi iliyokaririwa. Ikiishia chini kidogo, msikilizaji ataona uchungu usiokusudiwa. Kazi ifanywe na kifundo cha mkono na vidole vitatu vikisaidiana, maana kidole kimoja huchoka na kuongopa. Ikishatulia, ndipo mtetemo uongezwe, nao uende kwa mwendo wa wimbo. Dakika kumi za zoezi hili kila siku zina faida kuliko saa nzima ya kukimbiza vidole.

Kuna jambo jingine la bure ambalo hubadilisha solo papo hapo: mahali mkono wa kulia unapopiga. Karibu na daraja, sauti hutoka kali, ya chuma. Karibu na shingo, hutoka laini na nene. Noti ile ile, uzi ule ule, maneno mawili tofauti.

Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro aliyaunganisha haya yote katika mwili mmoja. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo, kwanza wa Morogoro Jazz, aliyokwenda nayo Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, kisha wa Super Volcano kuanzia 1973, hadi ajali ya gari ilipomuua huko Mombasa Januari 1979. Alikuwa bado kijana. Katika nyimbo zake gitaa haliingii kujionyesha; linaingia kuendeleza shauri ambalo sauti yake imelianza. Ukisikiliza kwa makini utasikia solo ikivuta pumzi mahali ambapo mwimbaji angevuta. Hapo pana funzo ambalo haligharimu kitu: imba kwanza kile unachotaka kupiga. Kisichoimbika kitoe.

Kujifunza kwa sikio, kutoka kwenye rekodi, ndiyo ilikuwa shule ya wengi wao. Sindano ya gramafoni ilirudishwa nyuma mara kwa mara kwenye kipande kile kile. Leo simu hupunguza mwendo wa wimbo bila kuishusha sauti, msaada ambao wazee wale wangeufurahia, lakini kazi yenyewe ni ile ile: sikia, imba, tafuta kwenye uzi, linganisha, rudia. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Waliofika mbali walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa saa nyingi zaidi kuliko wenzao, lakini kwa vipindi vyenye mapumziko, na walilala zaidi pia. Anayekesha na gitaa hadi vidole viwake moto, akidhani ndiyo bidii, ajue kwamba mkono hujifunza pia ukiwa umepumzika.

Chumbani, hata hivyo, hapatoshi. Bendi za Tanzania za miaka ya 1970 na 1980 zilipiga kumbini usiku, siku nyingi za wiki, na nyimbo nyingi zilifika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zikiwa zimeshachezwa mbele ya watu. Huko bendi nzima ilirekodi kwa pamoja, vipaza sauti vichache, bila nafasi ya kuongeza gitaa baadaye. Mpiga solo aliyeteleza karibu na mwisho aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Kwa hiyo alikwenda na solo aliyoijua kila kona: wapi wacheza dansi hupiga kelele, wapi ngoma humsubiri, noti ipi ikiongezwa inaharibu. Sikiliza kanda za Mlimani Park, mojawapo ya bendi hizo, za wakati huo, halafu uhesabu ni mara ngapi gitaa la solo linanyamaza.