Pongezi kwa Wanaoijua Mikoko kwa Majina

Ukipanda boti Nyamisati, wilayani Kibiti, kuingia delta ya Rufiji, msitu wote huonekana mikoko tu. Mwanabotania haridhiki na hilo. Anatazama mizizi: ya mkoko imejipinda juu ya tope, ya mchu imechomoza wima mithili ya penseli. Anageuza jani: la msikundazi linang'aa rangi ya fedha upande wa chini.

Kisha anakata kitawi chenye ua au tunda, anakibana kati ya magazeti mpaka kikauke, anaandika mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Sampuli za namna hii ndizo zinazotunzwa kwenye herbaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwa utaratibu wa majina ya kisayansi wa mwanabotania Linnaeus wa mwaka 1753, mkoko ni Rhizophora mucronata, mchu ni Avicennia marina. Mtafiti wa Lamu, Maputo au London akisoma majina hayo, anajua ni mti gani.

Kazi hii haitaki papara. Orodha kuu ya mimea ya Afrika Mashariki ilianza kuchapishwa 1952, ikakamilika 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000.

Hongereni wanabotania, nanyi wazee wa delta mnaowaonyesha njia na kuwatajia miti. Vyuo vyetu navyo viwapeleke vijana huko topeni wakajifunze, kwani msitu usiojulikana una nini hauwezi kulindwa.