Kinanda kilichoitwa mara nane

Waseminari waliokuja likizo hapa Kasugho waliketi karibu nami jioni moja, tukasikiliza kwa simu sherehe ya kufungua tena kanisa kubwa la Notre-Dame la Paris, iliyofanyika tarehe 7 Desemba 2024. Kinanda kikubwa kilipoanza kulia, mmoja alicheka: «Padri, hii ni ngurumo tu!» Mwingine akajibu: «Sisi tungepata cha namna hii, Misa yetu ingekuwa Misa kweli.» Naona wote wawili walikosa, na hii ndiyo sababu ya kuandika.

Kwanza tujue chombo chenyewe. Kinanda cha filimbi si mashine ya kuiga sauti. Ni upepo unaopita katika filimbi za mti na za madini, na kila filimbi ina sauti yake moja tu. Kile cha Notre-Dame kina karibu filimbi 8,000, safu za sauti 115, na klavye 5 za mikono pamoja na ile ya miguu. Fundi Aristide Cavaillé-Coll alikijenga upya, akamaliza mwaka 1868, bila kutupa filimbi zote za mafundi waliomtangulia.

Moto wa tarehe 15 Aprili 2019 ulikula paa na kuangusha mnara wa katikati. Kinanda kikubwa hakikuungua, lakini vumbi la risasi, lenye sumu, lilikiingia. Kinanda kidogo cha korali kiliharibiwa na maji ya kuzima moto. Mwaka 2020 mafundi walikifungua kile kikubwa, wakakisafisha, wakakirudisha mahali pake. Halafu walipatanisha sauti kwa miezi, mara nyingi usiku, maana kazi ile inataka kimya.

Siku ya sherehe, askofu mkuu Laurent Ulrich alikiita kinanda mara nane, kama mtu anayemwamsha aliyelala. Alikiambia kimsifu Mungu, kimwimbie Roho Mtakatifu, kiwafariji wenye taabu, na mengine. Kila mara askofu aliponyamaza, kinanda kilijibu. Wapigaji walikuwa wanne: Olivier Latry, Vincent Dubois, Thierry Escaich na Thibault Fajoles. Hawakupiga wimbo ulioandikwa. Walitunga papo hapo.

Nasema wazi: si kila jibu lilinipendeza. Mara kadhaa sauti ziligongana kwa nguvu, hata mkristu wa kawaida asingetambua jibu hili linafuata neno gani. Mwenye kutunga mbele ya Mungu asisahau sikio la mama aliyeketi nyuma. Lakini simfuati yule aliyecheka. Nyumba iliyoungua haiamki kwa wimbo wa kubembeleza mtoto. Ukali ule ulikuwa na ukweli ndani yake. Na sisi wa Beni na Lubero, ambao vijiji vyetu vimechomwa, tusiwe wa kwanza kushangaa kwamba sifa inaweza kuanza kama kilio.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni utaratibu. Askofu anaita, kinanda kinangoja, ndipo kinajibu. Hakuna anayemfunika mwenzake. Kumbe desturi hiyo tunaijua tangu utoto: mwimbishaji anatoa, wengine wanaitikia. Chombo katika kanisa kinastahili sifa kwa sababu kinajua kuitika, si kwa sababu ni kikubwa.

Sasa nimrudie yule aliyetamani. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Konstitusyo juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 120, uliagiza kinanda cha filimbi kiheshimiwe sana katika Kanisa la Kilatini. Namba hiyo hiyo inakubali vyombo vingine, kwa ruhusa ya wakubwa wa Kanisa wa inchi, vikiwa vinafaa ao vinaweza kufaa kwa kazi takatifu, vinapatana na heshima ya hekalu, na kweli vinawajenga waamini. Tena mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya Kirumi kwa dioseze za Zaire, kama inchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Basi ngoma si mgeni anayevumiliwa mlangoni. Misa yetu ni Misa kweli.

Lakini masharti yale yanatubana sisi pia. Katika parokia moja niliona kinanda cha umeme, ngoma ya mashine, na vipaza sauti vikubwa. Korali iliimba, waamini walitazama. Jumapili moja jenereta ilizimika katikati ya Utukufu. Kimya. Halafu bibi mmoja akaendelea peke yake, watu wakamwitikia, kanisa likajaa sauti. Walikuwamo waliokimbia vita, ambao hawakubaki na kitu ila sauti yao, na sisi tulikuwa tumewafunikia hata hiyo. Namwomba Mungu anisamehe: nilitamani mafuta yasipatikane upesi.

Mtaniambia: Paris wana mali. Ndiyo. Lakini wana watu pia. Louis Vierne, aliyekuwa karibu kipofu, alikuwa mpigaji wa kinanda kile tangu mwaka 1900, na alifia mbele ya klavye zake tarehe 2 Juni 1937, akiwa anapiga. Miaka 37 katika kazi moja! Kwetu, ni nani amefundishwa kupiga ngoma ya Misa hata mwaka mmoja? Ni nani anaitunza ngozi yake, asiiache katika unyevu wa sakristia?

Basi, ninyi waseminari, jifunzeni noti, na jifunzeni pia miguno ya wazee wetu, maana haitawangoja. Wakatekista, fundisheni waamini viitikio kabla ya Misa, bila chombo, mpaka wavijue kwa moyo. Nasi mapadri, kabla ya kuomba franka za kununua kinanda, tusimame siku moja nyuma ya kanisa letu na kusikiliza kama watu wanaimba. Wasipoimba, chombo cha kwanza cha kutengeneza ni wao, na kazi hiyo haingoji msaada wa Ulaya.