Sophie Campbell: Kalamu Iliyotangulia

Mwaka 2015, Sophie Campbell, mwandishi na mchoraji wa katuni wa Marekani, alitangaza hadharani kuwa yeye ni mwanamke, ingawa alipozaliwa alihesabiwa mwanamume. Wako wanaoigawa kazi yake kwa tarehe hiyo, kabla na baada. Mgawanyo huo hausimami mbele ya michoro yenyewe.

Katika Wet Moon, mfululizo uliofikia buku la sita mwaka 2012, wanafunzi wa sanaa katika mji wa kubuniwa kusini mwa Marekani hupendana, hugombana na kuoneana haya. Katuni za mashujaa zilizoea kuwamimina wanawake wote katika kalibu moja. Campbell aliwachora wanene kwa wembamba, kila mmoja na umbo lake na mkao wake. Kisa hujikokota, na pengine hupotea njia, nyuso hazipotei.

Tangu toleo la 101 (2020) hadi la 150 (2024) aliandika Teenage Mutant Ninja Turtles, na mengine akayachora mwenyewe. Humo umo mtaa wa New York uliozungushiwa ukuta, wakazi wake wamegeuzwa wanyama na bomu. Mwandishi mwingine angewasakia dawa ya kuwarudisha walivyokuwa. Campbell aliuliza watakula nini na nani atawalea watoto.

Swali ni lile lile la Wet Moon: mtu akaeje kwa heshima ndani ya mwili unaokodolewa macho? Kalamu ilikwisha kuliuliza kabla mwenyewe hajatamka neno.