Petroli Ilikuwepo, Hewa Ikakosekana

Ndege ndogo zinazoshusha watalii Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, nyingi ni Cessna Caravan, na zimeundwa Kansas, Marekani. Watu wa Gorong'a, jirani na hifadhi, wamezizoea, hasa msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara. Wachache huuliza zilivyofika. Nyingi za aina hii huletwa kwa kurushwa: rubani mmoja au wawili, Atlantiki nzima chini yao.

Tatizo la kwanza ni mafuta. Matangi ya mbawani ya Caravan hubeba lita 1,250 hivi, nazo haziifikishi km 2,000. Kutoka St. John's, Kanada, hadi visiwa vya Azores ni km 2,500. Basi rubani ana njia mbili. Apite kaskazini kupitia Greenland na Iceland, kwa vipande vya km 1,200 hivi, akubali baridi na barafu. Au ang'oe viti, afunge matangi ya ziada ndani, apite kusini. Hayo matangi ya ziada ndiyo ninayotaka tuyaangalie kwa makini, maana ndiyo yaliyoamua safari maarufu kuliko zote za rubani wa Afrika Mashariki.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza lakini alikulia Njoro, Kenya, akizungumza Kiswahili tangu utotoni. Alifundishwa urubani na Tom Campbell Black, akapata leseni ya urubani wa kibiashara mwaka 1933, akawa akibeba barua na abiria na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Jioni ya 4 Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akielekea New York. Ndege ilikuwa Percival Vega Gull ya injini moja ya nguvu za farasi 200, mali ya John Carberry, mlowezi wa Kenya. Rubani Amelia Earhart alikuwa ameivuka Atlantiki peke yake mwaka 1932, lakini yeye alitoka magharibi kwenda mashariki, upepo ukimsukuma mgongoni. Beryl alikwenda kinyume chake.

Vega Gull ya kawaida ilikuwa na masafa ya km 1,000 na kidogo. Ya Beryl ilijazwa matangi hadi ndani, ikakadiriwa kufika zaidi ya km 6,000 hewa ikiwa tulivu. Hiyo ni petroli ya lita 1,000 na ushei, uzito unaokaribia ule wa ndege yenyewe ikiwa tupu. Matangi ya ndani hayakuwa na geji. Utaratibu ulikuwa kuliacha tangi moja likauke kabisa, injini ikohoe na kuzima, ndipo rubani afungue koki ya linalofuata. Alifanya hivyo usiku, gizani, juu ya bahari, bila redio, na ndege ikashuka karibu kabisa na maji kabla injini haijawaka tena. Waliobuni utaratibu huu walikuwa na hoja: ukihamisha tangi mapema, petroli inayobaki nyuma huna njia ya kuijua, na safari ndefu namna hiyo haina petroli ya kuacha. Hata hivyo naona ulikuwa mpango mkatili kwa mtu aliye peke yake na usingizi.

Kilichomwangusha ni kitu kingine. Toboa kopo la mafuta ya kula tundu moja tu uone yanavyotoka kwa kusuasua. Ukitoboa la pili, yanamiminika. Tangi la ndege ni vivyo hivyo: kila lita inayotoka inataka hewa ya kuchukua nafasi yake. Katika tangi la mwisho la Beryl, barafu iliziba tundu la kuingizia hewa. Petroli ilikuwepo, injini ilikuwa nzima, lakini mafuta hayakufika ya kutosha. Baada ya zaidi ya saa 20 angani alitua kwa dharura Baleine, Nova Scotia. Magurudumu yalizama kwenye tope, pua ikajikita ardhini, naye akaumia kichwa.

Je, pasingekuwa na barafu angefika New York? Nimepiga hesabu. Kutoka Abingdon hadi Baleine ni km 4,200 hivi. Gawa kwa saa 21, unapata km 200 kwa saa, wakati ndege ile katika hewa tulivu ilikwenda kama km 240. Upepo wa mbele ulimla km 40 kila saa. Petroli ya km 6,000 ni ya saa 25. Kwa mwendo ule ingemfikisha km 5,000 tu, na New York iko km 5,500. Lazima angetua njiani kuongeza mafuta. Bado yeye ndiye mtu wa kwanza kuruka peke yake, bila kutua, kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini, na heshima hiyo haipunguzwi na tope la Baleine.

Marubani wanaoleta Caravan leo wana redio za masafa marefu, simu za setilaiti, mavazi ya kuzuia maji baridi na boti ya mpira. Matangi yao ya ndani hukaguliwa, na ndege hupewa kibali maalumu cha kuzidisha uzito. Lakini mrija wa hewa bado upo, na fundi makini huukagua kabla ya kuruka.

Kuhusu ndege yenyewe, Carberry aliitaka irudi kwa mashindano ya Portsmouth hadi Johannesburg, mwezi uleule wa Septemba. Haikuwahi. Mashindano yalifanyika, na ndege moja tu ndiyo iliyofika Johannesburg, ikiwa na marubani Charles Scott na Giles Guthrie. Nayo ilikuwa Vega Gull.