Haragwe Moja, Punje Moja

Mwalimu anahesabu punje mezani bila haraka: mahindi 19, maharagwe 21. Mahindi ni protoni, maharagwe ni nyutroni. Pamoja ni kiini cha potasiamu-40, iliyomo kwenye ndizi za soko la Luanda na kwenye miamba ya Kit Mikayi. Anaondoa haragwe moja, mahali pake anaweka punje ya mahindi.

"Hesabuni."

Ishirini kwa ishirini. Jumla bado 40. Nimeketi nyuma ya maabara hii ya Maseno, nikimtazama anavyosubiri. Hamhimizi mtu. Mwishowe msichana wa Kidato cha Nne anainua macho kwenye jedwali la elementi: "Mwalimu, imekuwa kalisiamu." Ile ile ya mifupa yetu.

Hapa wengi hupita mbio. Mimi nilifundishwa kwamba katika mgeuko huu elektroni "hutoka kwenye kiini", na kwa miaka mingi niliamini ilikuwa imekaa humo ikingoja mlango. Mwalimu huyu anawasha kijiti cha kiberiti. "Huu moto ulikuwa umejificha ndani ya kijiti?" Hapana, umezaliwa sasa hivi. Elektroni hiyo, iitwayo ya beta, nayo huzaliwa pale nyutroni inapogeuka protoni, ikafyatuka papo hapo. Atomi inabaki na protoni 20 lakini elektroni zake za zamani ni 19, kwa hiyo ina chaji chanya, mpaka ipate nyingine kutoka kwa jirani.

Haya yote yanaendelea miilini mwetu: mtu mzima ana potasiamu-40 inayogeuka hivi takriban mara 4,000 kila sekunde. Ila atomi ipi itafuata, hakuna awezaye kutabiri. Kinachojulikana ni kwamba katika miaka bilioni 1.25 nusu ya potasiamu-40 itakuwa imegeuka.

Ndipo anapoandika mlinganyo ubaoni, namba ya juu kwanza, kisha ya chini, na mwishoni anaacha nafasi ya kiganja kimoja. Anaeleza kwamba elektroni hizi hutoka na nishati tofauti tofauti, kana kwamba kuna mwenzao anayegawana nazo asionekane. Mwanafizikia Wolfgang Pauli alimkisia mwaka 1930. Wanafizikia wenzake Cowan na Reines walimnasa mwaka 1956, huko Marekani.

Anachukua chaki, na katika ile nafasi anaandika alama ya mwenzao huyo: herufi nyu ya Kigiriki, na kistari juu yake.